Kipa Aliyependa Kuruka

Mdogo wangu Haruomi hakuwahi kudaka mpira bila kujua kwanza kamera iko upande gani. Nasema hivi mimi niliyemfunga nepi na kumfuta makamasi, na ambaye mpaka leo nikipita stesheni ya Shiomi wageni hunisimamisha: "Samahani, wewe si ndiye dada yake Todoriki, yule Mwewe?" Ndiye. Sanae, wa duka la kamaboko. Mnataka nini?

Kwetu tunatengeneza kamaboko tangu enzi za babu. Samaki mweupe anasagwa, anakandwa na chumvi mpaka anavutika kama ulimbo, anafinyangwa mkate, anapikwa kwa mvuke. Ni kazi ya kusimama. Baba alisimama mbele ya meza ile maisha yake yote, na maneno aliyoyasema ukiyakusanya hayajazi kikombe. Haruomi hakuweza kusimama. Ukimpa kisu, anataka kujua kama anapendeza akikishika. Mama alimtazama akacheka, akamwambia, "Wewe mikono yako si ya samaki, mwanangu." Basi samaki wote wakawa wa mikono yangu.

Shuleni alitaka kuwa mshambuliaji. Lakini mshambuliaji hukimbia, na kukimbia kulimvuruga nywele. Kwa kuwa alikuwa mrefu kama mlingoti, mwalimu akamtupa langoni. Nilikwenda kumtazama siku moja ya theluji nyembamba. Mtoto wa shule pinzani akapiga shuti la hovyo, mpira ukawa unajiendea zake nje, ungeachwa ungeishia kwenye baiskeli za walimu. Haruomi akaurukia, akaunyaka hewani, akabingirika, akainuka mweupe mwili mzima kama mochi, lile donge la wali uliotwangwa, lililogaagazwa kwenye unga. Wasichana wakapiga ukelele. Nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyelambishwa sukari kwa mara ya kwanza.

Njiani nikamuuliza, "Ule mpira si ulikuwa unatoka?"

"Najua."

"Sasa uliurukia nini?"

"Dada nawe! Hukuwasikia walivyopiga kelele?"

Ukiniuliza mimi, maisha yake yote ya soka ni hayo. Yaliyobaki ni marudio tu, kwenye viwanja vikubwa zaidi.

Alipomaliza shule akachukuliwa na timu ya mji wetu, timu ya daraja la pili ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haipandi wala haishuki, kama mgonjwa wa siku nyingi ambaye ndugu wameshazoea kumkuta kitandani. Kipa wake alikuwa Nukaga Osamu. Huyu Nukaga alikuwa na upara, mfupi kwa kipa, na uso kama figili iliyoanikwa. Ukimtazama akicheza ungedhani washambuliaji wote wa nchi hii ni wajinga, maana kila wakipiga wanampiga yeye tumboni. Watu wakasema ana bahati. Msimu ukaisha, mwingine ukaja, na bado wanasema, "Nukaga ana bahati kweli." Hakuna aliyejiuliza bahati gani hiyo inayokwenda kazini kila Jumapili.

Haruomi alikaa benchi akichana nywele mpaka Nukaga alipovunjika kidole. Akaingia. Katika mechi yake ya tatu hivi alikuwa amesimama mahali ambapo hata mbuzi asingesimama, mpira ukapigwa kwenye kona ya mbali, na kwa kuwa alikuwa mbali nao, ikabidi aruke urefu wa lango zima. Akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukatoka. Yeye akajibamiza kichwa kwenye mlingoti wa goli, nyusi ikapasuka, akainuka damu inamchuruzika shavuni, ngumi juu, jua limemwangaza. Televisheni ilionyesha kitendo kile wiki nzima. Hakuna aliyeuliza alikuwa anafanya nini kule alikokuwa amesimama kwanza. Mtangazaji mmoja akapayuka, "Mwewe! Mwewe wa Shiomi!" Jina likashika.

Kidole cha Nukaga kilipopona, alikuta kiti chake langoni kina mtu. Kocha wetu Oginome hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa tiketi. Alimwambia waziwazi, na wachezaji wenzake ndio walionisimulia: "Nukaga, unisamehe. Watu hawapandi treni kuja kumwona mtu amesimama."

Na treni kweli zilijaa. Wanawake walikuja kutoka Niigata, kutoka Kanazawa, wengine kutoka Osaka kabisa, shingoni wana taulo zenye jina la mdogo wangu. Wasichana wa sekondari, sawa, hao wana haki ya upumbavu. Lakini nilimwona mke wa daktari wa meno, mwanamke mwenye wajukuu, amechorwa mwewe shavuni! Wakigundua mimi ni dada yake wanajaa dukani, hawanunui, wanataka picha zake za utotoni.

"Alikuwa mtoto wa namna gani, dada?"

"Alikojoa kitandani mpaka darasa la pili."

"Jamani, anapendeza!"

Ungefanya nini na watu kama hao?

Kisha chama cha wafanyabiashara kikaja na wazo la kamaboko ya Mwewe: mkate wenye picha ndani, kila ukikata kipande unamwona mwewe amekunjua mbawa. Baba akaendelea kukanda samaki kana kwamba hajasikia mtu. Mama akasema, "Sanae atatengeneza." Nikatengeneza. Nilitia rangi ya waridi na ya kijani, nikapanga vipande ndani ya vipande kama nilivyofundishwa kwa maua ya mwaka mpya, na kilichotokea ni bata mgonjwa. Sikutaka hivyo, lakini sikujitaabisha kurekebisha. Bata mgonjwa aliisha dukani kabla ya saa sita mchana. Mtu mmoja alimlaza kwenye kisanduku chenye barafu akampelekea mama yake Hokkaido.

Mtu pekee aliyekuja kununua kamaboko ya kawaida alikuwa Nukaga. Akifika anasubiri foleni kama wengine, anainama. "Dada Sanae, nipe ile nyeupe. Isiyo na ndege."

Siku moja Nukaga alikuwa bado dukani, Haruomi akaingia, miwani myeusi, manukato yamemtangulia. Nukaga hakuwa na kinyongo, na hilo lilinikera kuliko kama angekuwa nacho. Akamwambia, "Haruomi, jana lile goli la pili. Ungesogea hatua mbili kushoto kabla hajapiga, mpira ungekuja wenyewe kifuani."

Mdogo wangu akavua miwani, akamwekea mkono begani, mkono wa huruma. "Kaka, sasa mpira unaokuja wenyewe kifuani, nani ataupiga picha?"

Nukaga akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, nikakiweka chini taratibu.

"We Haruomi," nikamwambia, "unamjibu mkubwa wako hivyo?"

"Tunataniana tu, dada. Si kaka, eti tunataniana?"

"Tunataniana," akasema Nukaga, akachukua mfuko wake akaondoka. Alisahau chenji. Nilimpa Haruomi ampelekee, akaisahau mfukoni.

Mwaka ule mashabiki wa nchi nzima walipiga kura kuchagua wachezaji wa mechi ya nyota. Katika makipa, aliyeongoza ni mdogo wangu, kipa wa timu iliyokuwa imefungwa magoli mengi kuliko karibu timu zote za daraja lake. Akaenda, akafungwa manne kipindi kimoja, yote akiwa hewani. Aliporudi walimpokea stesheni na ngoma. Wahenga husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alikuwa ameacha hata kutia tembo, anauza maji matupu, na wanywaji wanalewa.

Timu nayo ikawa inateremka. Mechi ya mwisho ya msimu ikakuta Shiomi inahitaji sare tu, nyumbani, ili ibaki daraja la pili. Baba alikuwa ameanza kuumwa kifua. Hakuwahi kukanyaga uwanjani tangu mwanawe aanze kucheza. Asubuhi ile akavaa koti lake la misibani, akakaa mlangoni akinisubiri. Nikamfunga skafu, nikamchukua. Mama alikuwa keshatangulia na kundi la mataulo.

Tulikaa nyuma ya lango. Mvua ya baridi, ile inayojiandaa kuwa theluji. Hakuna bao, na dakika zinayoyoma. Sare ilikuwa mkononi. Beki mmoja wa wapinzani akapata mpira mbali, miguu imechoka, akaupiga vibaya. Ulitoka mguuni kwake kama kitu kilichodondoka. Ukaja unabingirika, polepole, moja kwa moja kwa Haruomi. Bibi yangu angeinama akauokota, na bibi yangu amekufa.

Nikamwona mdogo wangu anatupa jicho kwa wapiga picha waliopangana pembeni. Kisha akasogea. Hatua mbili kulia, akaukimbia mpira uliokuwa unamfuata mwenyewe, ili upatikane upande wa kurukia. Halafu akaruka kushoto. Akaruka vizuri sana, mbawa zote, vidole vyote. Aliruka juu ya mpira. Ukapita chini ya tumbo lake, ukajiviringisha mpaka ukagusa nyavu kwa aibu, ukatulia.

Kule benchi Nukaga alijifunika taulo usoni. Taulo lenyewe lilikuwa la mashabiki, lina jina la Haruomi.

Baba akasema, "Amesogea."

"Nimeona, baba."

Hakusema kitu kingine juu ya mpira mpaka anaingia kaburini, baridi ya mwaka uliofuata.

Kipenga kikapulizwa. Tumeshuka. Nikajiambia, haya, leo watamjua. Leo watamzomea mpaka nyumbani, na mimi nitampikia supu ya miso na kumkalisha chini, tuanze upya. Haruomi akatembea mpaka mbele ya jukwaa kubwa. Akapiga magoti. Akainama mpaka paji la uso likazama kwenye matope, akakaa hivyo, mabega yanatikisika. Sauti moja ya mwanamke ikalia kutoka juu: "Haruomi, inua kichwa!" Kisha nyingine. Kisha jukwaa lote, wanaume kwa wanawake, wanalia na kuimba jina la mtu aliyewashusha daraja. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anabubujikwa na machozi.

"Ameumia kuliko sisi sote," akaniambia.

"Ameumia wapi?" nikamuuliza. "Nionyeshe."

Akanitazama kama nimetapika kwenye mapaja yake.

Jioni alikuja nyumbani, matope bado kwenye nywele. Sijui kwa nini hakuoga uwanjani. Ama najua. Mama alikuwa anamkausha kichwa na kumlisha matonge ya wali kama ndege. Nikangoja mama aende kuweka maji ya kuoga.

"Ulisogea," nikamwambia.

"Uwanja ulikuwa umeloa, dada. Mpira ulidunda vibaya."

"Haukudunda. Ulikuwa unatambaa. Ulisogea ili uruke."

Akatafuna. Akatafuna muda mrefu kuliko tonge lile lilivyohitaji. Nilidhani atakana tena, kukana amezoea. Akasema, bila kunitazama, "Ningeuokota tu, nani angesema nini?"

"Tungebaki daraja la pili!"

"Ninyi mngebaki. Mimi ningekuwa Nukaga."

Alilisema jina lile kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. Nami, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nilimwonea huruma kidogo, kwa kuwa niliona anaogopa kweli. Alikuwa anaogopa kusimama mahali pasipo na mtu wa kumtazama, kama watoto wengine wanavyoogopa choo cha nje. Kisha mama akarudi akasema, "Mwache mtoto ale, Sanae, moyo wako wa jiwe," na huruma ikanitoka kama ilivyoingia.

Timu iliposhuka, wadhamini wakajiondoa. Mpishi wa kambi akaachishwa, wachezaji wengi wakaachishwa, Nukaga akaachishwa. Hakukuwa na sherehe. Alipita dukani kuaga, akanunua kamaboko nyeupe, akasema amepata kazi ya kufundisha makipa kwenye shule ya wasichana upande wa pili wa mlima.

"Utawafundisha nini hao?" nikamuuliza.

"Kusimama," akasema. Akatabasamu, figili ile ikapata mikunjo. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nikamwongezea mkate mmoja.

Haruomi je? Picha yake akiwa amezamisha uso kwenye matope ilichapishwa kwenye fulana. Klabu kubwa ya mji mkuu ikamchukua. Msifikiri ilimchukua kudaka. Ilikuwa na makipa wawili wanaojua kusimama, ikamtaka wa tatu anayejua kuuza fulana. Alikaa kwenye benchi lao misimu mingi, amevaa glavu safi, na kila Jumapili kamera inamtafuta akiwa amekaa. Akatangaza shampuu. Akatangaza godoro. Kwenye tangazo la godoro anaruka, analiangukia kwa ubavu, anafumba macho. Nakiri ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote.

Aliamua kustaafu akiwa bado na nywele, akataka mechi ya kuaga ichezwe Shiomi. Uwanja ukafurika. Nukaga hakualikwa. Alinunua tiketi akaja na wasichana wake wa shule, wakakaa kimya juu kabisa. Katika mpango wa siku kulikuwa na penalti ya mwisho: rafiki yake mmoja apige taratibu upande wa kushoto, yeye aokoe, fataki zirushwe. Walikuwa wamekubaliana, hata mwamuzi alijua. Haruomi akaruka kulia. Msiniulize kwa nini. Labda kamera kubwa ilikuwa kulia. Yule rafiki, kwa kumwona ameelekea siko, akababaika, akaupiga kwenye mlingoti, mpira ukarudi uwanjani. Fataki zikarushwa. Leo muulize mtu yeyote Shiomi, atakwambia kwa macho yake aliona Mwewe akiokoa penalti ya mwisho. Wana hata picha: yeye hewani, mpira haumo.

Nikatazama juu kule. Mmoja wa wasichana alikuwa anamuuliza mwalimu wake kitu, mkono unaonyesha lango, uso umekunjamana kwa mshangao. Nukaga alitikisa kichwa, akamshushia mkono taratibu, wakaanza kupiga makofi pamoja na wengine. Huyo ni Nukaga. Mimi sikupiga.

Siku hizi Haruomi yuko kwenye televisheni kila Jumamosi akieleza kazi ya kipa. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Siri ni moja, kusimama mahali sahihi," na mtangazaji akaandika. Na manispaa, ambayo paa la uwanja wake linavuja, imemjengea sanamu mbele ya stesheni: mtu wa shaba amelala hewani kwa ubavu, vidole vimenyooshwa, ameshikiliwa na nguzo ya chuma iliyoingia mbavuni. Siku ya kuizindua waliniomba niseme neno kama familia. Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikaitazama sanamu, nikasema, "Inafanana naye." Wakapiga makofi sana.

Theluji ikianguka hujaa ubavuni pale na usoni, na mama haimpi usingizi. Ana miaka yake sasa, magoti yamekwisha, lakini kukipambazuka tu amesimama mlangoni na taulo mkononi. Basi nabeba ngazi mpaka stesheni kabla sijawasha moto wa mvuke dukani. Mimi napanda, mama anashika ngazi. Watu wanaowahi treni wanatuinamia kwa heshima. Nampangusa paji la uso, nampangusa pua.

"Na masikio, Sanae," mama ananipigia kelele kutoka chini. "Usisahau masikio, anapata baridi."

"Ni shaba, mama."

"Nimesema masikio."

Nampangusa masikio.